Nyumba ya Desemba

Mektrida alikuwa na ng'ombe wawili, na wote wawili hawakuwa na adabu. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, walianza kulia. Walilia mpaka wamwone. Basi kila siku Mektrida aliamka, akajifunga kitenge, akatoka kwa mlango wa nyuma na kutembea hatua tisa mpaka zizini. Aliwapa majani na vipande vya mgomba. Alikamua. Kisha alirudi jikoni kuchemsha maziwa. Kazi hizo zote alizimaliza kabla ukungu haujaondoka kwenye migomba.

Aliishi Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na marehemu mume wake. Palikuwa na migomba, kahawa na miparachichi miwili. Mektrida alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Goti lake la kulia lilikuwa na miaka themanini, au ndivyo alivyopenda kusema. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya vyumba viwili. Mvua ikinyesha, alipanga sufuria sakafuni ili kukinga maji.

Mwaka mzima aliishi peke yake. Lakini Desemba ikifika, nyumba ilifurika. Wachagga hawaulizwi watakuwa wapi Krismasi. Watoto wake watatu walipanda mlima na wake zao, waume zao na watoto wao. Watu walilala kitandani, chini ya kitanda, na wengine juu ya magunia. Ilikuwa raha kweli, ila raha ya kubanana.

Mwishoni mwa Juni, mtoto wake wa kwanza, Primus, alikuja kutoka Dar es Salaam. Alikuja na karatasi kubwa zilizokunjwa pamoja. Jumapili, baada ya misa, alizitandaza juu ya meza mbele ya ndugu na majirani.

"Mama, umeteseka vya kutosha," alisema. "Nakujengea nyumba. Ghorofa."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya rangi. Ilionyesha ghorofa jeupe lenye nguzo nne na paa jekundu. Mbele yake palikuwa na majani yaliyokatwa vizuri na gari moja la bluu.

"Jamani, hii ni nyumba au benki?" aliuliza Magdalena, jirani na rafiki wa Mektrida.

Watu walicheka. Walisifu nguzo. Walisifu paa. Mjomba mmoja alilisifu hata lile gari. Kurasa nyingine nne zilijaa mistari, namba na maneno ya Kiingereza. Hakuna aliyezifunua zaidi ya mara moja.

Mektrida alizifunua. Alitafuta kitu kimoja tu. Alitaka kujua yeye atalala wapi. Aliona mistari minene, mistari myembamba, na vitu kama vipande vya duara. Hakuona kitanda.

"Umeridhika, mama?" aliuliza Primus.

Mektrida alitazama uso wa mwanawe. Ulikuwa unang'aa kwa furaha. Alitazama majirani. Kila mtu pale alijua kwamba yeye ndiye anayesoma somo la kwanza kanisani, bila kukwama hata kwenye majina magumu ya manabii. Angesemaje mbele yao kwamba karatasi imemshinda?

"Nimeridhika, mwanangu," alisema.

"Basi Jumatatu baada ya wiki mbili, Fundi Martin anaanza kuchimba msingi," alisema Primus. "Mimi nitakuja Jumamosi kumwonyesha mahali."

Alimwachia mama yake nakala moja, akarudi Dar es Salaam.

Wiki ile Mektrida hakuwa na amani. Kila jioni alizitandaza karatasi, akavaa miwani, akazitazama. Nyumba ilikuwa yake, na yeye ndiye angeishi humo mpaka Mungu amwite. Msingi ukishachimbwa, nani atarudisha udongo? Siku ya Jumamosi alizifunga karatasi ndani ya kitenge, akaenda kwa Magdalena.

Alimkuta Magdalena akimenya ndizi uani pamoja na binti yake, Victoria. Victoria alifanya kazi ya kuchora ramani za nyumba katika ofisi moja mjini Moshi. Jumamosi alipanda Kibosho kumwona mama yake.

"Shikamoo, mama," alisema Victoria.

"Marahaba, mwanangu. Mjini hamjambo?"

"Hatujambo. Nasikia unajengewa benki."

Magdalena alicheka mpaka ndizi ikamdondoka. Mektrida hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kitenge.

"Mama Viki, nawaambia ninyi wawili tu," alisema. "Mimi nasoma Biblia. Nasoma gazeti. Lakini karatasi hii siisomi. Na nimeshasema nimeridhika."

"Kuuliza si ujinga," alisema Magdalena. "Mimi mwenyewe nilisifu nguzo kwa sababu sikujua niseme nini."

Victoria alinawa mikono. Hakuanza na karatasi. Alichukua panga na kwenda kwenye rundo la migomba iliyokatwa kwa ajili ya ng'ombe. Alikata shina moja katikati, kwa mlalo. Akalisimamisha mbele ya Mektrida.

"Tazama kutoka juu, mama. Unaona nini?"

"Maganda. Moja ndani ya jingine. Na moyo katikati."

"Sawa. Ramani ya vyumba ni hivyo hivyo. Mchoraji ameikata nyumba kwa panga, usawa wa madirisha. Ameondoa paa na sehemu yote ya juu. Halafu ametazama ndani akiwa juu. Hii mistari minene ni kuta zilizokatwa."

Mektrida alisogeza miwani. Alitazama shina la mgomba, kisha karatasi, kisha shina tena.

"Kumbe hapa panapokatika ukuta ni mlango," alisema polepole.

"Ndiyo. Na hiki kipande cha duara ni njia ya mlango unapofunguka. Kinakuonyesha mlango unafungukia upande gani."

"Na hii mistari myembamba ndani ya ukuta?"

"Dirisha."

"Na hii iliyopangwa kama meno ya kitana?"

"Ngazi. Kila mstari ni kipandio kimoja. Zihesabu."

Mektrida alihesabu kwa ncha ya kidole. Vilikuwa vipandio kumi na vinane. Goti lake lilisikia habari hiyo kabla yake.

Victoria alichukua penseli, akaandika majina ya vyumba kwa Kiswahili. Alimwonyesha namba pia. "Hizi ni milimita. Elfu moja ni mita moja. Jiko limeandikwa 1800 kwa 2400. Yaani mita moja na sentimita themanini, kwa mita mbili na sentimita arobaini."

Alichora jiko lile kwenye udongo wa uani, kwa ukubwa wake halisi. Mektrida akaingia, akasimama katikati.

"Hapa mkungu mmoja ukiingia, mimi natoka," alisema.

Sasa alicheka na yeye. Hofu ya wiki nzima ilianza kumtoka. Alijiona kama siku ile utotoni herufi zilipoanza kusema naye.

"Bado jambo moja, mama, na ndilo kubwa," alisema Victoria. "Usisome ramani kama picha. Ishi ndani yake. Weka kidole mahali unapolala. Halafu amka."

Wakatafuta chumba cha Mektrida. Kilikuwa ghorofani, kikubwa kuliko vyote, na kiliandikwa chumba kikuu.

"Nimeamka," alisema Mektrida. "Ng'ombe wanalia. Nashuka ngazi kumi na nane gizani. Napita sebuleni. Natafuta mlango wa nyuma." Kidole kilizunguka. "Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Haupo."

"Basi natoka mbele, kwenye nguzo. Nazunguka nyumba nzima kwenye mvua. Nafika zizini. Zizi liko wapi?"

Victoria alifunua ukurasa mwingine. "Hii ni ramani ya kiwanja. Mshale huu ni kaskazini. Geuza karatasi mpaka mshale uelekee kaskazini kweli. Mlima wetu uko kaskazini, kwa hiyo huwezi kupotea."

Mektrida aligeuza karatasi mpaka mshale ukaelekea mlimani. Ghafla kila kitu kilikaa mahali pake. Barabara ilikuwa chini, upande wa kusini. Miparachichi ilikuwa kushoto. Na pale juu, kwenye zizi lake, palikuwa na kona ya sebule.

"Wamejenga juu ya ng'ombe wangu," alisema.

"Hawajajenga," alisema Victoria. "Ndiyo uzuri wa karatasi. Huku kosa linafutwa kwa ufutio."

Kisha alichukua shina jingine la mgomba, akalipasua kwa urefu, kutoka juu hadi chini. "Ukipasua nyumba hivi, unapata mchoro wa mkato. Unaona sakafu, dari, paa na msingi. Tazama mstari wa ardhi hapa. Umenyooka kama meza. Kihamba chako kiko hivyo?"

"Kihamba changu? Parachichi likianguka, unalifuata barabarani."

"Basi ramani hii ilichorwa kwa ajili ya ardhi tambarare. Siyo mbaya. Ni nzuri kwa mtu mwingine, mahali pengine."

Magdalena, aliyekuwa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, aliuliza, "Vyumba vya kulala ni vingapi?"

"Saba," alisema Mektrida.

"Na Januari mnakuwa wangapi?"

"Mimi peke yangu," alisema Mektrida. Alivihesabu tena vyumba vile saba. Primus alikuwa amechora siku kumi za mwaka. Zile siku nyingine zote hazikuwa na mahali ndani ya karatasi.

"Ni nyumba ya Desemba," alisema mwishowe. Na moyo ulimuuma, kwa sababu alijua imechorwa kwa upendo.

"Mwambie," alisema Victoria.

"Nitamwambiaje? Ataona namkataa. Kijana amejinyima."

"Usimwambie kwa maneno. Mwingize ndani."

Jumamosi iliyofuata, Primus alifika saa nne asubuhi pamoja na Fundi Martin. Walikuta kihamba kimejaa kamba. Mektrida, Magdalena na Victoria walikuwa wamechora nyumba nzima juu ya ardhi. Walitumia kamba za migomba, vijiti na majivu ya jikoni. Kila ukuta ulikuwa mahali pake, kwa vipimo vya kwenye ramani.

"Karibu nyumbani kwako, mwanangu," alisema Mektrida. "Pita mlangoni. Nguzo ziko hapo, usizigonge."

Primus alicheka, akapita katikati ya vijiti vinne. "Hapa ni sebuleni," alisema kwa fahari.

"Ndiyo. Kaa kwenye kochi."

Primus alisogea hadi pembeni. Kichwa cha ng'ombe kilitokea juu ya ubao wa zizi, kikaanza kulamba mkono wa shati lake.

"Huyo ni mgeni wako wa sebuleni," alisema Magdalena. "Mkaribishe chai."

Fundi Martin aligeuka upande mwingine ili acheke vizuri. Mektrida hakuishia hapo. Alimpa mwanawe ndoo. Alimwambia asimame chumba kikuu, aamke, ashuke vipandio kumi na vinane, atoke mlango wa mbele na kuzunguka hadi zizini. Kwa vipandio, alimtaka apande na kushuka kigoda mara kumi na nane. Primus alifanya yote. Alipofika zizini alikuwa anahema.

"Una miaka mingapi?" aliuliza mama yake.

"Arobaini na moja."

"Mimi nina sitini na minne. Na hiyo ni safari ya asubuhi tu. Jioni ipo nyingine."

Uso wa Primus ulibadilika. Aliweka ndoo chini.

"Kwa hiyo hutaki nyumba," alisema.

"Naitaka. Naitaka sana."

"Mama, wenzangu wote wana ghorofa hapa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa baba. Wakipita barabarani wakaona kibanda cha chini, watasema Primus amekwenda Dar kufanya nini?"

Aliyasema kwa sauti ya chini. Mektrida alimwonea huruma. Kila mtu ana mzigo wake wa kubeba mbele za watu. Yeye mwenyewe si alisema ameridhika kwa kuogopa majirani?

Fundi Martin alikohoa. "Bosi, kuna jambo lingine," alisema. Alifunga kamba kwenye kigingi karibu na zizi, chini kabisa, usawa wa ardhi. Aliivuta kuelekea barabarani, akiipima kwa pima maji ili isipande wala isishuke. "Hii ndiyo sakafu yenu. Simama hapa mwisho."

Primus alisimama upande wa barabara. Ardhi ilikuwa imeteremka sana. Kamba ilipita juu ya kichwa chake, kwa nafasi ya mkono mzima.

"Nafasi hii yote lazima nijaze," alisema fundi. "Mawe na kifusi. Malori na malori."

Mektrida alikuja kwa mwendo wake wa goti. Alitazama kamba juu, akatazama majani chini. Alikumbuka shina la mgomba lililopasuliwa kwa urefu. Akaiona nyumba kwa mkato.

"Fundi," alisema, "kwa nini mjaze mawe mahali ambapo mtu anaweza kulala?"

Victoria alitabasamu, akatoa penseli mfukoni.

"Endelea, mama," alisema.

"Mimi nikae huku juu, upande wa zizi, usawa wa ardhi. Chumba changu, jiko, sebule na choo. Nisipande ngazi hata moja. Huku chini, mteremko wenyewe umetoa nafasi. Hapo viwekwe vyumba vya wageni, na mlango wao wenyewe. Desemba vinafunguliwa. Januari nafunga, naweka ufunguo mfukoni."

"Na watu wakipita barabarani?" aliuliza Primus.

"Nenda barabarani ukatazame."

Primus alishuka hadi barabarani. Alisimama, akakitazama kihamba. Kutoka pale aliona kamba za kuta zilizolala ardhini, na juu yake kamba ya sakafu aliyoivuta fundi, moja juu ya nyingine. Bodaboda ilipita, naye hakuiona.

"Mama," aliita kutoka kule chini. "Kutoka huku ni ghorofa."

"Ndiyo. Na kutoka huku ni nyumba yangu."

Primus alipanda akicheka, akamkumbatia mama yake pale pale sebuleni, mbele ya ng'ombe.

"Fundi, Jumatatu usichimbe," alisema. "Tunachora upya."

Victoria alichora upya. Safari hii hakuanza na nguzo. Alianza na maswali. Nani anaishi hapa kila siku? Anafanya nini asubuhi, mchana na jioni? Jua linatoka wapi na mvua inapiga upande gani? Maji ya juu yatapita wapi? Mektrida alijibu yote. Alijua mambo ambayo hakuna mchoraji angeyajua kwa kukaa ofisini. Alijua mfereji unafurika mwezi gani, na upepo wa Julai unaingia kwa mlango upi.

"Ukuta wa nyuma wa vyumba vya chini utagusa udongo," Victoria alimwonya Primus. "Udongo unasukuma, na maji yanapenya. Lazima mhandisi aupime, na maji tuyachimbie njia nyuma yake. Hapo tusifanye kwa kubahatisha."

Mhandisi alikuja, akapima. Ujenzi ulianza Septemba. Kila Fundi Martin alipofungua ramani, Mektrida alisimama pembeni na miwani yake. Siku moja fundi alisimamisha fremu ya mlango wa jikoni.

"Fundi, huo mlango unafungukia ndani," alisema Mektrida. "Ramani inasema nje."

Martin alitazama karatasi. Akakuna kichwa. "Mama, wewe usingekuwa na ng'ombe, ningekuajiri," alisema.

Nyumba ilimalizika Desemba ya mwaka uliofuata. Nguzo zilibaki mbili, za upande wa barabarani, kwa ajili ya Primus. Jiko lilikuwa kubwa, lenye dirisha upande wa mashariki na mlango wa kuelekea zizini. Mkungu uliingia, Mektrida akaingia, Magdalena akaingia, na nafasi ikabaki ya mtu wa nne kukaa na kusema maneno yasiyomhusu.

Watu walipanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza. Vyumba vya chini vilijaa watoto na kelele. Ndugu walikuja kuona. Wengine waliingia kwa juu, wengine kwa chini, wakakutana katikati wakibishana kama nyumba ina ghorofa au haina. Kipya kinyemi, na Mektrida aliwaacha wabishane.

Siku ya pili baada ya Krismasi, Wenseslaus alikuja. Huyu alikuwa binamu wa Primus, mfanyabiashara wa Mwanza. Yeye na Primus walikaa sebuleni wakinywa mbege, pombe ya ndizi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mektrida na Magdalena walikuwa wanamenya ndizi za supu ya mtori.

"Na mimi namjengea bi mkubwa," alisema Wenseslaus. Alitoa simu, akaonyesha picha. "Vyumba vinane. Nguzo sita. Cheki paa hilo."

Mektrida aliinua kichwa. Alitaka kusema neno, lakini Primus alimtangulia.

"Paa zuri," alisema Primus. "Mama yako analala wapi?"

"Huku ndani."

"Ndani wapi? Nionyeshe."

Wenseslaus aliisogeza picha kulia. Akaisogeza kushoto. Akaikuza.

"Una zile kurasa nyingine, zenye mistari?" aliuliza Primus. "Zilete hapa mezani. Kwanza tafuta mshale wa kaskazini."

Jikoni, Mektrida aliweka kisu chini. Alimtazama Magdalena, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. Kisha akavuta mkungu karibu, akakata chane nyingine ya ndizi, maana alijua Wenseslaus hataondoka mapema.